Betri Juu ya Bati la Mwenyekiti

Lusahunga, Jumapili jioni

Yustina mwanangu,

Mama yako ameshamaliza ya blanketi, ya sabuni, ya dawa ya malaria na ya wanaume. Ameyasema vizuri na kwa sauti, hata majirani sasa wanajua namna ya kuishi Mwanza. Sina la kuongeza hapo. Mimi nakuandikia habari ya betri.

Najua unaijua. Uliikuta ulipokuja likizo kutoka bweni, vita vimekwisha na watu wamepata nafasi ya kucheka. Kwenye pombe ya ndizi wanaisimulia kama mzaha: Mwenyekiti aliyeanika betri za kijiji kama mtu anayeanika muhogo. Katika masimulizi yao hakuna aliyeumia. Mimi nilikuwepo, na chombo kilichotumia betri hizo nilikitengeneza kwa mikono yangu. Nawe unakwenda kujifunza ufundi wa redio. Basi isome mara moja jinsi ilivyokuwa, kisha waache waendelee kucheka. Hawana kazi nyingine wanayoiweza.

Malori ya askari yalikuwa yakipita hapa njia panda kuelekea kaskazini, na kila mtu alitaka habari. Kijiji kilikuwa na redio moja ndogo, pale ofisini. Walioifikia walisikia, waliobaki walisimuliwa. Habari ikitoka ofisini mpaka ifike nyumba ya mwisho ya mstari wa mwisho, adui aliyekuwa ng'ambo ya Mto Kagera alikuwa ameshaingia Biharamulo mjini na kuchinja ng'ombe wa watu wanaotajwa kwa majina. Nimefanya kazi ya gazeti muda mrefu, Yustina. Uongo mwingi niliouokota haukutoka kwa waongo. Ulitoka kwa wavivu.

Nikaona nitengeneze kipaza sauti, redio iungwe nacho, kijiji kizima kisikie maneno yaleyale kwa wakati mmoja. Transista nilizitoa kwenye redio mbili zilizokufa. Spika niliipata kwa fundi wa mjini, imepasuka ukingoni, nikaiziba kwa karatasi na gundi. Vyote nikavipanga kwenye ubao, misumari ikawa viungo.

Dawa ya kulehemu sikuwa nayo. Hapa kwetu, kama ulivyoona, anayeziba ndoo na masufuria huvunja betri iliyokufa, akachukua ule uji wa ndani, akaupaka kwenye bati kabla ya kuweka risasi ya kulehemu. Uji ule unakula kutu, risasi inashika. Ndoo zilizozibwa hivyo zinachota maji miaka na miaka. Nikafanya vilevile. Nikapaka uji kwenye kila msumari, nikalehemu kwa chuma kilichopashwa moto kwenye mkaa, nikafuta juu juu kwa kitambaa, nikajisifu. Nilitengeneza chombo cha umeme kwa akili ya kuziba ndoo.

Swichi nayo sikuweka. Madukani hazikuwepo, na nilijua kuwa chombo cha namna ile kisipopewa sauti hupumzika tu, hakili kitu. Ukizima redio, nacho kimenyamaza. Kwenye mchoro ilikuwa kweli.

Jioni ya kwanza taarifa ya habari ilisikika mpaka mstari wa mwisho. Wanawake wakapiga vigelegele. Kesho yake nikapeleka habari gazetini: kijiji cha ujamaa chajitengenezea kipaza sauti. Ikachapwa. Mwenyekiti akaikata na kuibandika ukutani ofisini. Unamjua Mwenyekiti wetu, mtu anayefungua kikao cha kununua jembe moja kwa kulaani mabeberu. Kile chombo kilikuwa kimefanya kazi jioni moja tu, na tayari kilikuwa ushindi.

Betri zilichangwa. Kila balozi alipita kwenye nyumba zake kumi. Watu walitoa uzalendo wao wote pamoja na betri zao mbovu kuliko zote, zile zilizoanikwa juani na kuamshwa mpaka zikavimba. Zilipokufa upesi hakuna aliyeshangaa, na kila mmoja aliapa kuwa ya kwake ilikuwa mpya. Mwenyekiti akaamuru zitolewe mpya kwenye duka la kijiji. Chombo na betri zake vikapewa Masanja avilinde.

Masanja alichaguliwa kwa sababu nyumba yake ilipakana na ofisi na mlango wake ulikuwa na kufuli. Hakuna sababu nyingine. Alikuwa amekuja na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga, akapewa kiwanja, akalima, akachimba choo kabla ya wenyeji wengi, na bado aliitwa mkuja. Kila jioni alikibeba chombo hadi ofisini, taarifa ikiisha anakirudisha, anakiweka sakafuni kando ya mtungi wa maji, anafunga mlango.

Betri mpya zikafa upesi kama zile mbovu. Zikawekwa nyingine. Nazo zikafa.

"Anawauzia madereva hapo njia panda, halafu anatuwekea mfu," akasema mmoja.

"Anazitia kwenye tochi aangalie ng'ombe usiku," akasema mwingine.

"Ng'ombe gani? Huyo ana mtambo wa kuongea na adui," akasema wa tatu, na hakuwa amelewa.

Kamati ikachora kila betri msalaba kwa kisu, ili ikibadilishwa ijulikane. Betri zikafa na misalaba yake. Mtu mwenye akili angesema, basi hakuna aliyezibadilisha. Kamati ikasema, basi anazitumia usiku na kuzirudisha asubuhi. Hivyo ndivyo wanavyofikiri watu waliokwisha kumpata mwizi kabla ya wizi: kila kinachomtetea kinageuzwa kuwa ujanja wake.

Mwenyekiti akaniita nikipime chombo. Hapa, mwanangu, soma polepole.

Nilikwenda mchana, jua la utosini, kwa kuwa ndio muda niliokuwa nao. Nikakitoa nje, uani, nipate mwanga. Nilikaa kwanza nikanywa uji na Mwenyekiti, kikaota jua. Mita sikuwa nayo. Nikachukua balbu ya tochi, nikaiunga katikati ya betri na chombo, ili umeme wote unaoingia upitie kwenye balbu kwanza. Chombo kikila sana, balbu inawaka. Kikipumzika, inabaki giza. Ilibaki giza. Nikasimama mbele ya kamati, nikasema kwa sauti ile ninayosomea habari kwenye simu, "Chombo hakina kosa."

Nilichokiona ni kwamba mchana ule, juani, balbu haikuwaka. Hicho tu. Kilichobaki nilikiongeza mwenyewe, kwa sababu sentensi fupi inapendeza. Nimewadharau watu wengi katika kazi hii kwa kusema zaidi ya walichokiona. Siku ile nilikuwa mmoja wao, tena mwenye sauti nzuri.

Mkutano ukaitishwa mbele ya ofisi. Mgambo wawili wakamsimamisha Masanja katikati, ingawa alikuwa amekuja mwenyewe, amevaa koti lake la kanisani.

"Ndugu wananchi," akaanza Mwenyekiti, "adui ana mikono mirefu. Mmoja uko Kagera. Wa pili uko kwenye betri zetu!"

"Aondoke na ng'ombe wake!" mtu akapiga kelele.

"Aondoke. Ng'ombe wabaki!" akajibu mwingine, na mkutano mzima ukacheka. Nilimtazama aliyesema. Alikuwa jirani yake, ambaye maziwa ya watoto wake yalitoka kwenye zizi la Masanja.

Uamuzi ulikuwa tayari: Masanja apelekwe wilayani mikononi mwa mgambo, familia iondoke kijijini. Mwenyekiti akanigeukia.

"Ndugu mwandishi, andika. Kijiji chanasa mhujumu."

Unaelewa maana yake wakati ule. Neno hilo likichapwa gazetini, nchi ikiwa vitani, hakuna ofisa ambaye angeuliza swali la pili. Masanja angekuwa mhujumu mpaka anakufa, na watoto wake baada yake.

"Nitaandika nikiona," nikamwambia.

"Uone nini tena? Si wewe uliyesema chombo hakina kosa?"

Alikuwa sahihi. Kumpa haki hiyo kunanichefua mpaka leo, lakini alikuwa sahihi.

Masanja akaulizwa ana la kusema. "Nalala zikiwa nzima," akasema. "Nikiamka zimekufa. Mnataka niongeze nini?"

Ndipo mkewe, Mama Shija, akasimama na mtoto mgongoni.

"Mwenyekiti, shikamoo. Kichukue basi ukalale nacho wewe. Weka betri mpya, chora misalaba yako, funga mlango wako. Zisipokufa kwako, tutaondoka kwa miguu yetu. Hamtatusukuma."

"Mama, keti. Huu si mkutano wa wanawake."

"Ndiyo maana hauishi."

Watu wakacheka tena, safari hii upande wa pili. Watu wetu humcheka yeyote, hilo ndilo jambo pekee wanalolifanya kwa haki. Mwenyekiti hakuweza kukataa mbele ya kicheko. Akakichukua chombo.

Na kwake betri hazikufa. Jioni baada ya jioni kipaza sauti kilinguruma, na Mwenyekiti akatembea kifua mbele. "Mnaona? Kwangu zinaishi." Masanja akapewa hadi mwisho wa juma. Nilimwona akifumua ua wa zizi lake, fito moja moja, akizifunga mafungu kwa kamba kana kwamba anajiandaa kuziuza. Hakuniangalia.

Asubuhi moja nilikuwa barabarani pale juu nikingoja lori la kunipeleka mjini. Usiku mvua ilinyesha. Ukisimama pale unaona bati la Mwenyekiti lote, na wakati ule bati lilikuwa lake na la shule tu. Kulikuwa na muhogo, na kando ya muhogo safu ya betri, zimelowa chapachapa. Aliyezianika hakukumbuka kuzianua.

Nikashuka. Nikafudikiza kinu cha mkewe, nikapanda, nikachukua moja. Ilikuwa na msalaba wa kisu. Ya pili, msalaba. Zote.

Mwenyekiti akatoka na mswaki mdomoni.

"Hizo ni zangu."

"Zina alama ya kamati."

"Nazihifadhi."

"Juu ya bati?"

Akautoa mswaki. Akatazama barabarani, akatazama kwa jirani. "Mwandishi, karibu ndani."

Ndani akaniambia. Zilikuwa zikifa kwake tangu alipokipokea chombo. Kila alipoamka akazikuta zimelegea, alikwenda dukani kimya kimya, ufunguo wa duka si ulikuwa kwake, akachukua nyingine na kuzichora msalaba mwenyewe. Zilizokufa alizianika ili zipate uhai kidogo, azikwangue msalaba, azirudishe rafuni kama mpya. Mtu akinunua betri kijijini hapa, ajue anauziwa na nani.

"Ningesemaje?" akanong'ona. "Wangesema mimi ndiye mwizi."

"Ndiyo. Kama mnavyomsema Masanja."

"Hiyo ni tofauti."

Sikumuuliza ni tofauti gani. Swali la namna hiyo huulizwa na mtu anayetegemea jibu.

Nikaomba nikione chombo. Kilikuwa uvunguni mwa kitanda, redio imezimwa, kimya kabisa. Nikagusa transista kwa kidole. Ilikuwa ya moto kama birika. Kitu kisichofanya kazi hakipaswi kuwa cha moto, Yustina. Kabla ya mita, kabla ya mchoro, tumia kidole. Nikatoa balbu mfukoni nikaiunga kama siku ile. Ikawaka, nyekundu, palepale, kimya kile kile.

Nikakwaruza ubao kwa ukucha. Ukatoka unyevu mweupe wenye harufu ya betri iliyopasuka. Ule uji wa kuziba ndoo. Sikuwa nimeuosha, na kitu kile kinavuta maji kutoka hewani kama chumvi. Msimu wa mvua, usiku, sakafuni kando ya mtungi, ubao wote ulikuwa umekuwa njia ya umeme. Transista ni lango la zizi: kuna mguu mmoja mdogo unaoamuru lango lifunguke kiasi gani. Umeme kidogo mno ulipita kwenye unyevu ukaugusa mguu ule, lango likafunguka, na ng'ombe wote wakapita usiku kucha pasipo mchungaji. Jua la mchana lilikausha ubao na kufuta ushahidi. Mimi nilikwenda kupima mchana.

Nikakipeleka jikoni karibu na mafiga. Ubao ulipokauka balbu ikafifia, ikazimika. Nikaupumulia kwa kinywa wazi, mara nyingi, kama mtu anayesafisha kioo. Balbu ikaanza tena kuwa nyekundu.

Ghafla Mwenyekiti akaipenda sayansi. "Rudia," akasema. Nikarudia. "Tena." Mtu aliyekataa kusikia kwa mkutano mzima sasa alitaka kijiji chote kije kuona balbu. Wala ukweli haukuwa umemgusa. Alikuwa amegundua tu kwamba, kati ya mwizi na unyevu, unyevu ndio ungemwokoa yeye. Nimeuona ukweli ukishinda mara chache maishani, na karibu kila mara umeshinda kwa kubebwa na mtu wa namna hii. Ukiupata msaada wake, upokee. Usimshukuru.

Jioni akahutubia. "Ndugu wananchi, uchunguzi wa kitaalamu, chini ya uongozi wa kijiji, umebaini unyevunyevu."

"Na Masanja?" mzee mmoja akauliza.

"Masanja ametajwa na nani hapa?"

Wakapiga makofi. Habari za betri za kwenye bati zilitoka baadaye, kwa mdomo wa mkewe, siku walipogombana. Mimi niliandika habari nzima, kwa kirefu, nikaipeleka gazetini. Mhariri akanijibu kwamba wakati wa vita hakuna nafasi ya unyevunyevu. Ile ya ushindi wa kipaza sauti alikuwa ameipatia nafasi.

Nilikwenda kwa Masanja na balozi wake. Tulimkuta akisuka kamba. Alikuwa amenizidi umri, nikamwamkia.

"Shikamoo, Mzee."

Hakuitikia. Tulisimama. Balozi akaeleza unyevu, chombo, balbu. Masanja akasuka mpaka kamba ikaisha.

"Kuniita mwizi mlikuja kijiji kizima," akasema. "Kunisafisha mmekuja wawili."

Kisha akaingia ndani. Mama Shija akatuletea maziwa, kwa sababu yeye ni mtu wa heshima kuliko sisi, na tukayanywa tumesimama. Ua hawakuusimika tena. Kabla ya mvua zilizofuata walihamia Nyantakara na ng'ombe wao. Aliyesema ng'ombe wabaki sasa ananunua maziwa.

Chombo nilikirekebisha. Niliosha ubao kwa maji ya moto na mswaki, nikaukausha juani siku kadhaa, nikapaka nta ya nyuki juu ya viungo, nikaweka swichi niliyoing'oa kwenye tochi. Betri zikadumu mpaka vita vikaisha. Siku ya ushindi kilinguruma hadi mstari wa mwisho, watu wakakumbatiana, Mwenyekiti akalia machozi ya kweli. Ile nyumba iliyopakana na ofisi ilikuwa na kufuli, na ndani hamna mtu.

Huko uendako utafundishwa kupima vizuri kuliko nilivyojua mimi. Watakupa mita. Watakuonyesha namna ya kutenganisha chombo sehemu sehemu, moja baada ya nyingine, mpaka inayokula umeme ijulikane. Jifunze yote. Lakini watakupa pia meza kavu kwenye chumba kikavu, na hapo hakuna chombo kinachokosea. Waulize wenye redio chombo chao kinalala wapi.

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka Nyantakara. Dereva wa lori aliniletea kwa mdomo. Masanja amenunua redio, inakula betri, na amesikia kwamba binti yangu anakwenda kusomea kazi hiyo. Alisema maneno haya, na dereva aliyarudia bila aibu: "Akirudi likizo aje aiangalie. Aje yeye. Baba yake abaki."

Nimekubali kwa niaba yako. Utakaporudi, shukia Nyantakara kabla hujafika nyumbani. Ulale kwao. Mwamkie vizuri, na akiitikia marahaba, usiniletee salamu hiyo, ni yako. Redio usiishike jioni wala mchana. Iamkie alfajiri, kabla jua halijakausha kitu.

Baba yako